Thamani ya p haiwi 0.000

Mwanafunzi wa uzamili aliniletea jedwali alilolitoa kwenye SPSS, programu ya takwimu. Safu ya "Sig." ilikuwa na .000, naye akaihamishia kwenye tasnifu jinsi ilivyo: p = 0.000. Tulipobofya mara mbili ile seli, ikatokea namba ndefu, ndogo mno, lakini si sifuri. Thamani ya p ni uwezekano wa kupata matokeo kama haya, au makali kuliko haya, endapo dhana tupu (kwamba hakuna tofauti wala uhusiano wowote) ni kweli. Ukiandika sifuri umesema haiwezekani kabisa, wakati programu ilikadiria tu hadi desimali tatu.

Data hizohizo ukizipeleka Stata, programu nyingine ya takwimu, utaona 0.000. R, nayo programu ya takwimu, itakuandikia p-value < 2.2e-16 (yaani 2.2 mara 10 kwa kipeo cha -16), namba inayotokana na ukomo wa usahihi wa hesabu za kompyuta, wala haihusiani na utafiti wako. Ndiyo maana wanaodai mtindo mmoja wa kuandika thamani ya p wana hoja nzito. Mwongozo wa uandishi wa APA (Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) unataka thamani yenyewe kwa desimali mbili au tatu, na ikishuka chini ya hapo iandikwe p < .001. Matoleo mapya ya SPSS nayo yameanza kuandika hivyo, na mimi nayapongeza.

Ila mtindo mmoja nao hukata pasipostahili. Watafiti wa jenetiki wanaopekua jenomu nzima hutumia kizingiti cha 0.00000005, kwao p < 0.001 haisemi kitu. Anayekusanya tafiti za wengine ili azichambue upya naye anahitaji namba kamili.

Kinachoniumiza zaidi kiko pembezoni mwa 0.05, kizingiti cha kawaida cha kusema matokeo yana maana kitakwimu. Chukua 0.0496 na 0.0504. Ukizikadiria hadi desimali tatu, zote zinakuwa 0.050, lakini moja imewekewa nyota, alama ya kuwa iko chini ya kizingiti, na nyingine haina. Msomaji anaona namba ileile yenye hukumu mbili, na hana pa kuhakiki.

Kwa hiyo naunga mkono usawa wa sura, kwa sharti kwamba namba kamili ibaki ndani ya faili na kikomo cha chini akichague mtafiti, akitaje waziwazi. Kuchapisha sifuri sikubali kwa hali yoyote.

Yule mwanafunzi alisahihisha safu nzima ikawa p < 0.001, na matokeo kamili akayaweka kwenye kiambatisho.