Hajamaliza majaribio, anatafuta kazi nyingine

Kijana kaajiriwa Januari, Machi anasambaza tena maombi ya kazi. Wanaomjua hawakawii kumhukumu: hana shukrani, hatulii, na mtaani wamejaa wanaoitamani nafasi hiyo. Sehemu ya lawama hiyo ni ya haki. Ofisi ya watu sita ikiondokewa na mmoja, kazi yake inawaangukia watano. Mwajiri ameshatangaza, amesaili, amefundisha, na yule aliyeshika nafasi ya pili kwenye usaili huenda keshapata pengine.

Ila wanaolaumu hawaangalii kijana huyo amesimama wapi kisheria. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania, asiyefikisha miezi 6 kwa mwajiri wake hana ile kinga ya kuachishwa kazi isivyo haki. Kipindi cha majaribio chenyewe, kwa kanuni za 2007, kinaweza kufika miezi 12. Muda wote huo mwajiri anampima, na hakuna anayemwita mwajiri msaliti akisema mtu huyu hanifai. Kwa nini anayepimwa asiruhusiwe naye kupima?

Kuna kifungu kimoja ambacho natamani kila mwajiriwa mpya akisome kabla ya kusaini. Notisi, yaani taarifa ya kuvunja mkataba wa kazi, ndani ya mwezi wa kwanza ni siku zisizopungua 7. Baada ya hapo, kwa anayelipwa kwa mwezi, ni 28. Mkataba unaweza kurefusha muda huo, kwa sharti kwamba uwe sawa kwa pande zote mbili. Sawa! Mkataba unaomdai mfanyakazi notisi ya miezi mitatu huku mwajiri akijiwekea mwezi mmoja unapingana na sheria. Waliotunga sheria walitambua kuwa yeyote kati ya wawili hawa anaweza kuondoka, na wakawapa mlango wa upana uleule. Lawama za mtaani zinaufunga mlango wa upande mmoja tu.

Na sababu za kuondoka mara nyingi ni nzito. Umeajiriwa mhasibu, unajikuta unazunguka mjini kudai madeni. Posho iliyotajwa kwenye usaili haionekani kwenye hati ya mshahara. Sheria inamtaka mwajiri amkabidhi mfanyakazi, anapoanza kazi, maelezo ya maandishi: kazi yake ni ipi, kituo chake wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Aliyefika mwezi wa tatu bila karatasi hiyo ana kila sababu ya kuangalia kwingine. Tena akiondoka mwezi wa nne, mwajiri hapotezi kiasi ambacho angepoteza kama mfanyakazi huyo angeondoka mwaka wa pili, akiwa ameshika wateja na nywila zote.

Nisichokitetea ni kusingizia ugonjwa ili kwenda kwenye usaili, au kupokea mshahara na kutoweka. Anayekataa kufanya kazi siku za notisi anaweza kukatwa malipo ya siku hizo, na ni haki.

Kabla ya kutuma maombi, ningemshauri kijana huyo aombe kwanza yale maelezo ya maandishi kwa barua pepe, kwa adabu, kwa msimamizi wake. Akijibiwa na mambo yakarekebishwa, huenda akabaki. Wiki mbili zikipita kimya, atume, na kwenye usaili ujao akiulizwa kwa nini alikaa muda mfupi hivyo, aeleze alichoahidiwa na alichokikuta.