Ruta ya Mwalimu haikuwa imekufa

Jumapili baada ya ibada nilipita Rau kwa mwalimu aliyenifundisha darasa la nne. Nilimkuta barazani, simu mapajani, amepoa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Ruta yangu, kile kiboksi cha waifai, imekufa. Nimenunua nyingine, nayo haileti kitu. Sasa nashangaa, au ni hii nyumba?"

Siku tisa alikuwa hajamwona mjukuu wake aliyeko ughaibuni. Wao huonana kwenye simu kila jioni, na mtoto ndiyo kwanza anaanza kutamka "bibi". Tangu siku ile nina hasira, na leo naisema.

Ilikuwa hivi. Waifai ilipotea asubuhi moja, akaita fundi. Fundi akatazama simu yake, hakuona jina la waifai. Akachukua pini, akabonyeza kitundu cha riseti mpaka taa zote zikazima na kuwaka. Jina bado halionekani. Akachomeka waya kwenye kompyuta yake, intaneti hakuna. "Mama, antena imeungua, hii ni ya kutupa." Mwalimu akatoa elfu tisini na tano za ruta mpya.

Nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo fedha za watu zinapopotelea. Kurusha waifai ni kazi moja, kuleta intaneti ni kazi nyingine. Ruta inaweza kurusha waifai safi kabisa na intaneti isiwepo. Inaweza pia kuwa na intaneti kwenye waya huku haitoi waifai hata chembe. Asubuhi ile ya Mwalimu lililoharibika lilikuwa jambo moja tu, waifai. Kabla ya kugusa chochote, fundi angechomeka waya kwanza. Angekuta intaneti ipo, angejua ruta ni nzima na tatizo liko upande wa waifai peke yake. Yeye alianza na riseti. Riseti haiwashi upya tu: inafuta kila kitu, pamoja na jina la mteja na nywila ambazo kampuni ya intaneti ilimpa Mwalimu siku ya kuunganishwa. Bila hizo, intaneti haiingii. Kwa hiyo waya alioujaribu baadaye ulikosa intaneti kwa sababu yeye mwenyewe ameifuta, kisha akaitumia kasoro aliyoileta kwa mkono wake kuwa ushahidi kwamba ruta imekufa. Ruta mpya nayo ilirusha waifai tangu siku ya kwanza, ila hakuna aliyeiwekea jina la mteja na nywila. Mwalimu akaachwa na ruta mbili nzima, halafu anaituhumu nyumba yake!

Nilichomeka waya kwenye ile ya zamani, nikaandika 192.168.0.1, anwani ya ruta yenyewe, kwenye kivinjari, ukurasa wa mipangilio ukafunguka mara moja. Kitu kilichokufa hakifungui ukurasa. Humo ndani waifai ilionyeshwa kuwa imewashwa, lakini taa yake juu ya ruta haikuwaka. Nikaigeuza. Nyuma, karibu na pa kuingizia umeme, kuna swichi ndogo ya kuzima na kuwasha waifai, imebonyea. Swichi ya namna hiyo riseti haiigusi, ungeibonyeza riseti mpaka kesho. Kabati lilikuwa limevutwa kufagiwa siku moja kabla waifai haijapotea, na swichi ikaminywa ukutani. Niliibonyeza, taa ikawaka. Karatasi ya nywila tulikuja kuipata kwenye bahasha ya risiti za umeme.

Nakubali, zipo ruta zinazoungua kweli. Radi za masika na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo zimetuulia vifaa vingi hapa Moshi. Na fundi ana foleni ya wateja. Lakini dakika kumi za kutazama hazimfukarishi mtu.

Adapta, kile kichwa cha kuchomeka umeme, pia ipimwe. Ikichoka, taa zinawaka vizuri ila ruta inajizima na kujiwasha kila inapoanza kurusha. Jaribu nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua. Baadhi ya ruta, upande wa 5 GHz (moja ya masafa ya waifai), hukaa kimya dakika nzima baada ya kuwashwa, kwa sababu baadhi ya chaneli (njia za mawimbi) za huko hutumiwa na rada, na ruta inapaswa kusikiliza sekunde 60 kabla ya kurusha. Usiyejua unaizima na kuiwasha mara kumi, na kila mara unaianzishia ile dakika upya. Na Desemba, ndugu wakishapanda nyumbani, binamu mwenye simu ya Marekani akisema haoni waifai huku ninyi wote mnaiona, tazameni chaneli ya upande wa 2.4 GHz kwenye ukurasa wa mipangilio: ikiwa ni 12 au 13, ishusheni hadi 11.

Mafundi wenzangu, karatasi ya nywila iulizwe kabla pini haijatoka mfukoni. Nasi tulio na wazazi wanaoishi peke yao, tuipige picha karatasi hiyo leo, tuibandike na nakala chini ya ruta.

Jioni ile simu iliita nikiwa bado hapo. Mwalimu alivaa miwani, akasogea dirishani penye mwanga. Ile ruta mpya nimeirudisha kwenye boksi lake pamoja na risiti, na Jumatatu nitakwenda nayo dukani mwenyewe.