Aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo

Huku Mtwara na Lindi, ukisema kijana aliyegongana vichwa atolewe moja kwa moja, unaambiwa unadekeza watoto. Wanaosema hivyo nawaelewa. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, imewahi kuchezwa hapa Mtwara, na mechi moja nzuri pale uwanja wa Nangwanda Sijaona inaweza kumfikisha kijana klabu ya Namungo. Kumtoa mapema ni kumnyima siku yake. Tena ushahidi kwamba kugongwa kichwa kunaleta madhara uzeeni umetokana zaidi na ubongo wa mabondia na wachezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu, waliokwishafariki, wengi wao familia zilikuwa zimeona dalili tangu wakiwa hai. Beki wa Newala huwezi kumpima kwa hao.

Ila hofu yangu haiko huko uzeeni, iko kwenye mechi ileile.

Akianguka, watu huuliza kama kazirai. Hakuzirai? Basi anamwagiwa maji, anainuka, anapigiwa makofi. Kumbe katika mitikisiko ya ubongo, wanaopoteza fahamu hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Wengine wote wanainuka! Huyu anauliza matokeo mara mbili, yule anasahau anacheza namba ngapi, mwingine hana neno mpaka usiku kichwa kinapomgonga, na kesho yake darasani maandishi yanamchanganya. Hata CT scan, picha ya ndani ya kichwa, mara nyingi hutoka safi, maana kilichovurugika ni utendaji wa seli. Seli hizo zinahitaji sukari zaidi ya kawaida kujirudisha, na wakati huohuo damu inayozifikia imepungua. Pigo la pili likija katika hali hiyo, hata dogo, ubongo unaweza kuvimba ghafla na kuua. Ni nadra, nakubali, lakini wanaopatwa nalo ni vijana zaidi. Mwaka 2006 huko jimbo la Washington, Marekani, Zackery Lystedt wa miaka 13 aliumia kichwa, akarudishwa mchezoni, akaanguka. Alipona na ulemavu, na mwaka 2009 jimbo lake likatunga sheria yenye jina lake.

Tangu Julai 2024, sheria za soka zinaruhusu mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kubadilisha mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo. Kocha hapo hana hasara. Kijana bado anakosa mechi yake, na kwa hilo sina la kumfariji. Ila ndondo zetu za kugombea mbuzi hujitungia kanuni zenyewe, kwa hiyo kanuni hii ya nafasi ya ziada inaweza kuingizwa kwenye kikao cha kupanga ratiba.