Miaka minne wodini, na bado wakaniuliza nimemfuata daktari gani

Nilifanya kazi ya CNA, yaani mhudumu wa wagonjwa mwenye cheti, miaka minne hapa Ohio. Zamu za usiku, saa 12 kila moja. Nimegeuza wagonjwa wasipate vidonda vya kulalia, nimepima presha, nimebadilisha shuka, nimemshika mkono mzee anayekata roho huku wanawe wakiwa bado njiani. Nilipokwenda kwa mshauri wa chuo kuulizia maombi ya shule ya udaktari, alipitia karatasi zangu kisha akauliza, "Umewahi kumfuata daktari gani?" Nikamjibu kwamba nafanya kazi na madaktari kila usiku. Akasema hiyo ni kazi, haiingii hapo; alitaka siku za kumfuata daktari na kumtazama tu.

Niseme wazi kwamba niliumia.

Kwa mlioko nyumbani Tanzania: Marekani mtu husomea udaktari baada ya kumaliza shahada ya kwanza. Kuna mtihani wa kuombea nafasi uitwao MCAT, kuna barua za watu wanaokufahamu, na kuna fomu ya AMCAS inayotumiwa na shule nyingi. Fomu hiyo ina nafasi 15 za kueleza ulichofanya na saa ulizotumia. Kazi ya kulipwa hospitalini ina kundi lake. Kuwa kivuli cha daktari, yaani kumfuata na kusimama pembeni ukimtazama bila kugusa chochote, kuna kundi lake. Shule nyingi hazitaji idadi ya saa, basi vijana wanakimbizana: huyu 100, yule 200.

Hapo ndipo haki inapokosekana. Mwenye mzazi daktari anapiga simu moja, Jumatatu yuko kliniki. Mimi kila siku ya kivuli ni siku isiyo na mshahara, na kuna kodi ya nyumba, na kuna mama anayesubiri pesa ya dawa. Ongeza kadi ya chanjo, kipimo cha kifua kikuu, na mafunzo ya kutunza siri za wagonjwa kwa mujibu wa sheria ya HIPAA ya mwaka 1996. Niliandika barua nyingi zisizojibiwa.

Hatimaye daktari mmoja wa familia alinikubalia siku tano. Mlangoni mwa kila chumba alimwuliza mgonjwa kama niingie. Wawili walikataa, nikabaki koridoni. Nilikumbuka nilivyomuuguza mama katika hospitali ya rufaa nyumbani: wanafunzi kumi wamezunguka kitanda, shuka imefunuliwa, na hakuna aliyemwuliza lolote.

Siku ya tatu alikuja mwanamke aliyekuwa akisubiri majibu ya uvimbe titini. Daktari aliyasema kwa sentensi mbili, akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu kweli. Mimi mikono ilikuwa inataka kazi, nimletee maji, nimrekebishie mto, maana ndivyo nilivyozoea. Sikuwa na la kufanya isipokuwa kumtazama daktari akiubeba uamuzi wake mwenyewe. Wodini, daktari nilikuwa namwona dakika tano, tena kwa jicho moja, kwa sababu jicho la pili lilikuwa kwenye kengele ya chumba kingine. Jioni nikamwona daktari huyo akibishana kwenye simu na kampuni ya bima kuhusu kipimo, kisha akaandika mafaili mpaka giza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: aliyefanya kazi na wagonjwa amfuate daktari, lakini kwa saa 30 au 40 tu, na si pale anapofanyia kazi. Nenda kliniki ya wagonjwa wa nje. Usivae sare yako, watakuita ukasaidie. Saa za zamu usizihesabu mara mbili. Na shule ziache kumweka kijana mwenye saa 200 za kusimama mbele ya mwenye miaka minne ya kuosha wagonjwa.

Nyumbani tumekosea kwa upande mwingine. Mtihani wa kidato cha sita ukienda vizuri kwa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), unaanza MD, shahada ya udaktari ya miaka 5, kisha mwaka wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, na hakuna anayeuliza kama umewahi kukanyaga chumba cha daktari. Binamu yangu aliingia kwa alama nzuri na furaha ya ukoo mzima. Mwaka wa tatu, walipoanza wodi, akajua hataki. Akaacha. Ila kuna jambo tunalolifanya vyema kuliko Marekani: tabibu mwenye stashahada anaweza kuomba MD kwa sifa linganishi, na mafunzo yake yanakuwa ndiyo tiketi yake.

Kidato cha sita wanamaliza mtihani Mei, na vyuo hufunguliwa mwishoni mwa mwaka. Katika miezi hiyo, hospitali ya wilaya ingeweza kumpokea kila anayetaka kuomba udaktari kwa wiki moja, amfuate daktari mmoja, asimame pembeni, na mgonjwa aulizwe kwanza.