Utumbo Nao Husahau

"Kadi hii hapa, ameshamaliza zote." Jirani yangu aliikunjua kadi ya kliniki mbele ya mchanjaji aliyesimama mlangoni na kasha la baridi begani. Kweli ilikuwa imejaa: matone ya polio ya kuzaliwa, ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na sindano juu yake. Yule binti akajibu, "Ni kampeni mama, watoto wote chini ya miaka mitano." Matone mawili, wino kidoleni, chaki ukutani, huyo nyumba inayofuata.

Swali la kwa nini mtoto aliyemaliza aongezewe tena halikujibiwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo uvumi unapopenyea.

Jibu si gumu. Kirusi cha polio huingia kwa mdomo na kuzaliana utumboni kabla ya kufika kwenye neva. Sindano hujaza kingamwili kwenye damu, mtoto asipooze. Utumbo wake, lakini, ni kama nyumba isiyo na komeo: kirusi hulala humo, kikatoka na choo, na mtoto anacheza tu. Israel yaliwakuta mwaka 2013. Tangu 2005 walikuwa wakichoma sindano peke yake. Kirusi cha asili kikaonekana kwenye majitaka ya Rahat, mji wa kusini, bila mtu kupooza. Wakarudisha matone.

Matone ni kirusi hai kilichodhoofishwa, hivyo huuzoesha utumbo wenyewe kupigana. Tatizo ni kwamba kinga hiyo ya kwenye ute wa utumbo hufifia mapema kuliko ya kwenye damu. Ila haipotei yote, na hapa ndipo ninapopapenda. Huko Moradabad, India, watafiti waliwachukua watoto karibu 1,000 waliokwisha kunywa matone mara nyingi. Wengine wakachomwa sindano, wengine wakaongezewa matone, wengine hawakupewa kitu. Baadaye wote wakanyweshwa matone na vinyesi vikapimwa. Waliochomwa ndio waliotoa virusi kidogo zaidi. Sindano ile ile isiyoweza kuufundisha utumbo mgeni iliukumbusha uliokwisha kufundwa!

Jioni, tukichambua mchicha, nilimweleza jirani. Kwamba yale matone yalikuwa ya kuukumbusha utumbo wa mwanawe, tena kwa faida ya kichanga wa nyumba ya pili ambaye kadi yake bado nyeupe.

"Sasa yule binti alishindwa nini kusema hivyo?"

Nikamwambia huenda naye hakuambiwa.