Eti Atakuwa Namba Ngapi?

Nchi hii imejaa watu wanaojua kukimbia, lakini kukimbia pole pole ni kama kosa la jinai. Ukionekana barabarani alfajiri umevaa raba, tunakuwekea maelezo mawili tu: ama wewe ni mwanariadha na karibuni tutakuona kwenye runinga, ama daktari amekutisha na presha. La tatu hakuna. Mwalimu wa sayansi aliyepita miaka arobaini, mwili wa kawaida, hana meneja wala presha, anataka tu kujua miguu yake itamfikisha wapi? Huyo hatujui tumweke wapi.

Huyo ndiye rafiki yangu. Mtaani wanamwita Mwalimu na mimi nitamwita hivyo hivyo. Anaishi London. (London yetu hii, mtaa wa hapa Nakuru karibu na Gioto, msianze kuuliza habari za viza.) Amejiandikisha kwa Comrades, zile mbio za Afrika Kusini kati ya Durban na Pietermaritzburg. Mwelekeo hubadilishwa, mara wapande kutoka baharini, mara wateremke kurudi. Yeye anajiandaa kupanda. Zaidi ya kilomita 85, siku moja.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza Menengai, ule mlima wetu wa volkeno wenye shimo kubwa kama bakuli juu yake. Tulitoka giza bado limetanda, tukaukabili mlima kwa miguu, na nasisitiza kwa miguu kwa sababu Mwalimu hapandi kilima mbio. Anatembea. Kwanza nilidhani ni mimi anayenihurumia. Kumbe ndiyo mazoezi yenyewe. Kule Comrades vilima vina majina, Cowies, Fields, Botha's, Inchanga, na cha mwisho kwa wanaopanda ni Polly Shortts, ambacho unakutana nacho miguu imeshakwisha na zimebaki kilomita chache tu. Wengi wanaomaliza huvipanda wakitembea. Sharti utembee kwa nguvu: hatua fupi, mikono inapiga kazi, husimami kutazama mandhari, unakwenda kama mtu anayewahi benki isifungwe. Kule watu hata hujiunga katika makundi yanayoitwa mabasi, na kila basi lina dereva anayeamua sasa tunakimbia, sasa tunatembea, ili wote wafike kabla ya muda kwisha. (Ingekuwa Nakuru, dereva angekuwa na makanga, na makanga angekwambia bado kuna nafasi ya mmoja.)

Pumzi haimsumbui. Mji wetu uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na ukingo wa Menengai unafika 2,278, ilhali njia yote ya Comrades haifiki mita 900. Shida yake ni mapaja na magoti, na hayo hayajengwi kwa hewa nyembamba. Yanajengwa kwa saa nyingi.

Tukafika juu, pale penye kibao cha mishale ya miji ya dunia. Chini mvuke wa visima vya jotoardhi ulikuwa unapanda taratibu kutoka kwenye lile bakuli. Baba mmoja alikuwa ameegesha gari, watoto wanakula chipsi. Akatusalimia vizuri, kwa heshima zote.

"Madam, mnajiandaa na nini?"

Mwalimu akamweleza. Baba akapiga mluzi.

"Na mshindi hupewa ngapi?"

"Sijui vizuri. Mimi siendi kushinda."

"Sasa?"

Basi, "sasa" hiyo tu. Nimeibeba wiki nzima. Kwa sababu si yake peke yake. Kwenye kikundi cha familia ya Mwalimu shangazi yake aliuliza lile lile kwa maneno mengine: atakuwa namba ngapi? Mwalimu mwenzake akamuuliza ofisini: unatarajia namba ngapi? Tulifundishwa swali hili tukiwa na miaka sita, siku ya kufunga shule, karatasi mkononi, mzazi getini. Hakuna aliyetuuliza tumejifunza nini. Namba ngapi? Kati ya wangapi? Na fulani je? Tumekua, tumepata vitambi, na bado tunaulizana.

Na mbio ndizo zimeharibika zaidi, kwa sababu huku tuna mabingwa wa kweli. Kipchoge alimaliza zile kilomita 42 Vienna mwaka 2019 kwa saa 1:59:40. Marehemu Kiptum aliandika 2:00:35 kule Chicago mwaka 2023. Nilipiga kelele sebuleni mara zote mbili, majirani ni mashahidi. Lakini sijui ni nani aliyeamua kwamba saa ya Kipchoge ndiyo saa ya kila mtu. Tukiwa barabarani kila boda anayetupita anapaza sauti, "Kipchoge!" na tunajua wote kwamba hiyo si sifa.

Mnataka ushahidi? Mwaka jana Mwalimu alikimbia marathoni moja huku kwetu magharibi, sitaitaja. Alilipa kiingilio kama wengine. Maji yaliisha njiani kabla hajafika nusu. Alipoingia mwisho, baada ya saa tano na dakika zake, alikuta vijana wanapakia mahema kwenye lori. Saa ya mstari wa mwisho imeshazimwa. Medali? "Zimeisha, madam." Zimeisha vipi na waliojiandikisha mnawajua idadi? Kijana mmoja akamwonea huruma akampa chupa ya soda na kumwambia, "Lakini umejaribu." Umejaribu! Mtu amemaliza kilomita 42 zote, jua la utosi, anaambiwa amejaribu, kwa sababu tu waliopewa hundi walishapanda magari wakaenda zao.

Sasa linganisha. Comrades ilianza tarehe 24 Mei 1921. Aliyeianzisha, Vic Clapham, alikuwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia na alitaka kuwakumbuka wenzake waliokufa. Walianza watu 34, wakamaliza 16. Leo muda wa mwisho ni saa 12, na uwanja haufungwi dakika moja kabla. Watu hubaki wamekaa kuwasubiri wa mwisho, na hiyo saa ya mwisho ndiyo yenye kelele kuliko ya washindi. Bill Rowan, aliyeshinda zile za kwanza, ana medali yenye jina lake. Lakini jina la Clapham, mwenye mbio zake, lipo kwenye medali ya wanaoingia katika saa ya kumi na mbili. Wale wachechemeao. Wale ambao kwetu wangekuta lori.

Si kwamba wanawabembeleza. Saa 12 zikitimia, anayepiga bastola ya kufunga huwapa mgongo wanaokuja, asije akamwona mtu akamhurumia. Ukichelewa kwa sekunde moja umechelewa. Hilo nalipenda. Ni ukali, lakini ni ukali unaokuchukua wewe wa mwisho kwa uzito ule ule wa yule wa kwanza. Saa yako inahesabiwa mpaka itimie.

Haya, nikubali kidogo, shingo upande. Kwa vijana wa Iten na Kaptagat, kule wanakofanyia mazoezi mabingwa wetu, mbio ni kazi, na hakuna anayemuuliza fundi mwashi kwa nini hajengi ukuta kwa kujifurahisha. Tiketi ya ndege Mwalimu ameitoa kwenye pesa za chama chao cha kuchangiana, na kuna wanachama ambao mpaka leo wananuna. Na Nairobi kila mwaka watu wa kawaida hujaa kwenye marathoni, ingawa nashuku nusu yao wamefuata fulana. Na yule baba wa chipsi hakutukana mtu. Alimpa Mwalimu maji hata.

Lakini nyinyi mnaoandaa mbio huku, na najua wengine mnasoma hapa: tangazeni muda wa mwisho, uandikwe kwenye fomu, uwe wa haki. Halafu mahema yakae mpaka utimie. Medali zihesabiwe kwa waliolipa. Maji yaachwe ya watu wa nyuma, maana hao ndio wanaokaa juani muda mrefu zaidi. Hili halihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Mwalimu anapanda tena Jumamosi, na safari hii anataka kuteremka mpaka chini kabisa ndani ya bakuli na kupanda tena, maana anasema kuteremka ndiko kunakovunja mapaja na watu hawakufanyii mazoezi. Nimemwambia nitamfikisha ukingoni. Kule ndani aende mwenyewe, mimi nitakaa na chai yangu, na kurudi mjini nitapanda boda.