Kabla ya bei, muulize muuzaji fundi ni nani

Anayetafuta pikipiki kubwa ya safari hapa Dar es Salaam, tuseme Yamaha FJR1300, huanza na bei. Mimi nasema aanze na fundi. Boxer ikizima Mbagala, fundi hayuko mbali na spea ziko duka la jirani. FJR ina injini ya cc 1,298, uzito unaokaribia kilo 290, na tairi la nyuma la 180/55 rimu 17. Hilo hulipati kila duka la spea mtaani. Kwa hiyo kabla ya kutoa advansi, muuzaji akuonyeshe gereji itakayoihudumia, na filta na brekipedi ziwepo dukani uzione kwa macho. Akijibu "tutaagiza tu", mimi naondoka.

Lingine ninalolisimamia ni injini ya baridi. Wapo wauzaji wakijua unakuja wanaiwasha mapema, na injini iliyopata moto huficha mengi. Ukifika, sogeza kiganja karibu na injini kabla hata ya salamu kuisha. Kama ina joto, rudi kesho asubuhi. Ikiwa ya baridi, iwashwe wewe ukiwa umesimama nyuma ya egzosi. Moshi wa bluu ukiendelea kutoka, ujue oili inaungua.

Kisha inama uangalie tairi. Ubavuni, mwisho wa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 1416 ni wiki ya 14 ya mwaka 2016. Pikipiki ya mtumba inaweza kuwa na kashata (mistari ya tairi) nzima kabisa huku mpira umeshakauka. Kwenda Morogoro, kilomita kama 190, umebeba mke na mabegi mawili juu ya tairi la namna hiyo? Hapana. Libadilishwe kabla hujalipa.

Karatasi hazina mjadala: namba ya chesisi ifanane na iliyo kwenye kadi, upewe risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato.

Lakini ugomvi wangu mkubwa ni wauzaji wanaokataa pikipiki ijaribiwe barabarani. Chombo hiki kinauzwa kwa mamilioni ya shilingi, na joto lake hulijui mpaka usimame kwenye foleni ya Ubungo uone kama feni inawaka. Naelewa hofu yao ya kuibiwa. Basi mteja aache leseni na kitambulisho, fundi wao apande nyuma. Muuzaji akikataa hata hivyo, mwachie pikipiki yake.